Nilitoa Taa Kwenye Bodi, Mama Akapata Usingizi

Kwetu maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, usiku wa Alhamisi. Saa ngapi? Hakuna anayejua. Yanaweza kuja saa nne, yanaweza kuja saa tisa, na yakishapotea, ni hadi wiki ijayo. Kwa hivyo tangu nikiwa mdogo, kila Alhamisi Mama hulala kwa kiti, akiamka kila mara kwenda uani kusikiliza kama bomba limeanza kukohoa.

Mimi ndio yule wa nyumbani anayejua "mambo ya kompyuta". Mwaka jana nikamwambia, "Mama, wiki hii lala kitandani. Nimekutengenezea kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa bodi ya Arduino Uno, kielea cha plastiki na buza. Unaacha bomba wazi juu ya ndoo, kielea kikiwa ndani. Maji yakiingia, kielea kinapanda, buza inalia. Waya wa buza niliupitisha dirishani hadi karibu na kitanda. Uani hakuna soketi ya stima, basi nikaweka ile betri ya mraba ya volti 9. Nikaiwasha Jumatano jioni, nikaijaribu, ikalia vizuri. Nikalala nikijiona injinia.

Alhamisi usiku maji yalikuja, yakajaza ndoo, yakamwagika, yakaenda zake. Buza haikulia hata kidogo. Mama aliamka saa kumi na moja akapata uani kumelowa na bomba limekauka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na ni wewe uliniambia nilale." Wiki hiyo yote tulinunua maji, bob 50 kwa mtungi wa lita 20. Afadhali angenigombeza.

Nilikuwa sijafanya hesabu moja rahisi sana. Uno inakula karibu miliampea 45 hata ikiwa haifanyi chochote. Betri ya volti 9 ina kama miliampea-saa 500. Gawanya: saa 11. Jumatano jioni hadi Alhamisi asubuhi, kwisha. Maji yalipokuja, bodi ilikuwa imekufa zamani.

Hapo sasa ndio nilianza kuuliza: hizo miliampea 45 zinaenda wapi? Chipu yenyewe, ATmega328P, inajua kulala. Ukiiambia ilale kabisa, inakula umeme mdogo mpaka mita za kawaida zinaona taabu kuupima. Shida ni majirani zake kwenye bodi. Kuna chipu nyingine ya kuongea na kompyuta kwa USB. Kuna regulata ya kupunguza volti. Kuna taa ndogo inayowaka saa zote kukwambia tu, "niko."

Na ukifikiria, si makosa ya walioitengeneza. Arduino ilianza mwaka 2005 kule Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Mwanafunzi ako kwa meza, kompyuta iko mbele yake, umeme uko. Anataka kuona taa ndio ajue hajachoma kitu. Bodi ilitengenezewa huyo. Haikutengenezewa bomba la Mama.

Nikanunua bodi nyingine, Pro Mini ya volti 3.3. Hiyo ni ndogo kama kidole gumba na haina USB kabisa, kwa hivyo jirani mmoja ameshahama. Nikaiandikia programu ya kulala, iamke kila baada ya sekunde 8, iangalie kielea, ilale tena. Nikaiwekea betri tatu za AAA. Mita ikasoma miliampea 1.6 ikiwa imelala. Hiyo ni kama siku 26, kisha ununue betri zingine. Mama akaniuliza, "Kwa hivyo hii ni kama tokeni ingine ya kulipa kila mwezi?"

Karibu zote hizo miliampea 1.6 zilikuwa za ile taa. Kitu kinalala uani ndani ya kopo, hakuna anayekiona, na kinamaliza betri kikiwasha taa gizani.

Nilijua la kufanya, lakini niliogopa kama wiki mbili. Bodi iligharimu pesa yangu ya lunch. Na tukisema ukweli, wengi wetu tumelelewa na neno "usiguse". Kwa maabara ya kompyuta shuleni tulikuwa tunaambiwa tusiguse kitu hadi mwalimu aseme, na kipindi kinaisha kabla aseme. Unamaliza shule ukijua kutumia vitu, lakini kufungua kitu chako mwenyewe unahisi ni kama unaiba.

Taa ilitoka haraka, dakika moja na chuma cha kuchomelea. Regulata ndio ilinifunza adabu. Ina miguu mitano midogo kama mchanga. Nilipasha moto mguu mmoja mmoja huku nikiivuta kwa nguvu, ikang'oka na njia ya shaba iliyokuwa chini yake. Bodi ya kwanza, kwaheri. Nilikaa nayo mkononi nikifikiria lunch zangu zote.

Ya pili nilitumia akili. Nilirundika risasi ya kuchomelea kwenye miguu yote mitano, nikaipasha moto pamoja, ikateleza yenyewe bila kuvutwa. Kisha nikaunganisha betri moja kwa moja kwenye pini ya VCC. Karatasi ya maelezo ya chipu inasema inavumilia hadi volti 5.5, na AAA tatu mpya hazifiki 5. Lakini sikia: ukishatoa regulata, hakuna mlinzi tena. Ukisahau siku moja ukaweka betri ya volti 9 hapo, umeua chipu. Soma karatasi kabla ya kukata.

Nikapima tena. Maikroampea 6. Kutoka 1,600 hadi 6! Hesabu ya kalamu inasema miaka 19, lakini usiamini. Betri zenyewe zitazeeka kabla ya hapo. Kwangu ilitosha kwamba sitazibadilisha kila mwezi.

Kuna jamaa aliniambia nimeharibu bodi nzuri. Mimi naona hivi: michoro ya Arduino iliachwa wazi makusudi, watu wainakili na waibadilishe. Na sisi si wageni kwa hii kazi. Fundi wa akala hakuuliza kampuni ya tairi kama anaweza kukata. Fundi wa jua kali anayetoa jiko kutoka kwa pipa hakungoja ruhusa. Ni sisi tuliosomea kompyuta ndio tunaogopa kugusa.

Alhamisi ya kwanza na bodi mpya, Mama hakuniamini. Alilala kwa kiti kama kawaida, simu mkononi. Sikumlaumu. Saa nane na robo buza ikalia, akatoka na mitungi, nami nyuma yake nikibeba mingine. Tulijaza yote. Ilimchukua Alhamisi tatu kurudi kitandani.

Sasa jirani anataka yake. Nimemwambia anunue bodi mbili, moja ya kuharibu. Na wewe kama una bodi imelala kwa droo, itoe. Pima inakula nini, ujue kila kitu kilichoko juu yake ni cha kazi gani. Kisha toa kile ambacho hukihitaji. Ni yako.