Breki Ikilia, Uliza Inalia Lini

Gari likiletwa kwangu kwa sababu breki zinapiga kelele, spana hubaki ndani ya sanduku kwanza. Namkalisha mwenye gari kwenye benchi na kumuuliza. Inalia asubuhi tu, au hata jioni gari likiwa limekwenda? Inalia ukikanyaga, au inalia wakati mguu uko mbali na pedali? Ukikanyaga kwa nguvu inanyamaza au inazidi? Ukirudi nyuma je? Ukikata kona ya kushoto je? Wengine hukosa subira. Wanataka kuona gurudumu limetoka, ndipo waamini kazi imeanza. Lakini nikishajua kelele hutokea wakati gani, huwa nimebakiwa na vitu viwili au vitatu tu vya kukagua, na mwenye gari huwa ameokoa pesa zake.

Nafanya kazi Cheptiret, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, karibu na pale inapokatia njia ya Chuo Kikuu cha Moi. Trela za kwenda Malaba zinapita hapa usiku na mchana. Magari mengi ninayotengeneza ni ya kawaida, Probox za kubeba maziwa na pikapu za wakulima wa mahindi. Ila kuna yale madogo ya zamani ambayo nayapenda kwa moyo wote: Datsun 120Y, na hasa Toyota Corolla ya KE70, ile watu wanayoiita DX. Ilianza kuundwa mwaka 1979. Nyingi zina injini ya 4K ya cc 1,290, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele zina diski na nyuma zina dramu. Kwa kuwa Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, DX zilizopo hapa ni zile zile za tangu zamani. Zimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu au umeondoa kitu.

Nikieleza kisa cha mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kesses, nitakuwa nimeeleza kesi nyingi kwa pamoja. Alinunua DX yake akiwa bado kazini na hajawahi kufikiria kuiuza. Alipofika alikuwa ameshabadilishiwa pedi mahali pengine, na baada ya muda mfupi akabadilishiwa tena, na kelele ikabaki pale pale.

“Fundi, hii gari inanitia aibu. Nikikaribia stendi, watu wote wanageuka.”

“Pole, mwalimu. Inalia ukikanyaga kidogo ama ukikanyaga sana?”

“Kidogo. Nikikanyaga sana inanyamaza. Na asubuhi ndio mbaya.”

“Ukifunga breki, usukani unavuta upande?”

Akafikiri. “Kidogo. Inaenda kulia.”

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Nilimwomba aendeshe polepole kandokando ya ukuta wa mawe ulio karibu na karakana, madirisha yakiwa wazi, akigusa breki kidogo kidogo. Ukuta hurudisha sauti, kwa hiyo nikitembea upande huu kisha upande ule najua gurudumu linalolia. Lilikuwa la mbele kushoto. Gari linavuta kulia, kelele iko kushoto. Mtu angedhani breki inayolia ndiyo inayofanya kazi kupita kiasi. Hapa ilikuwa kinyume: ya kulia ilikuwa inashika vizuri na kulivuta gari kwake, na ya kushoto ilikuwa inalia kwa sababu haishiki sawasawa.

Ili hilo lieleweke, lazima nieleze kalipa ya gari hili. Pistoni ni moja tu, na iko upande wa ndani. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inaibana pedi ya ndani kwenye diski. Kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini zake, unarudi nyuma na kuivuta pedi ya nje ishike upande wa pili. Kila kitu kinategemea huko kuteleza. Pini zikishika kutu, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na ya nje inagusa tu. Pedi isiyobanwa sawasawa hutetemeka: inashika, inaachia, inashika tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na diski huitikia kama kengele iliyogongwa. Ukikanyaga kwa nguvu, mbano unazidi, mtetemo unakufa, kelele inanyamaza. Ndiyo maana jibu la “nikikanyaga sana inanyamaza” lina thamani kubwa kwangu.

Nikainua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi za chuma, nikatoa gurudumu. Kabla ya kufungua nati yoyote ya breki, mimi huangalia kwanza. Pedi ya ndani ilikuwa imeanza kulika kwa mshazari, ya nje ilikuwa nene kama ilivyotoka kwenye boksi. Nikazungusha diski kwa mkono nikaisikia inakwaruza nusu ya mzunguko. Nikashika diski juu na chini nikaitikisa kupima beringi, kwa sababu beringi iliyolegea huiacha diski iyumbe, ikazisukuma pedi mbali, halafu dereva anapata pedali ndefu na kishindo kidogo anapokanyaga mara ya kwanza. Beringi ilikuwa nzima.

Pini mbili za kalipa ndizo zilizosema yote. Moja ilitoka kwa kidole. Nyingine niliitoa kwa kuizungusha kwa spana huku nikiigongagonga, na ilitoka nyekundu kwa kutu. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umevimba ukapasuka. Mtu aliipaka grisi ya kawaida, ile ya beringi. Mipira ya breki haivumilii mafuta yanayotokana na petroli: inavimba, inakuwa laini, inapasuka, kisha maji na vumbi letu jekundu vinaingia. Kwa pini hizi kuna grisi yake maalumu ya silikoni. Kijikopo chake ni kidogo na bei yake inamuudhi mteja, lakini sijaona mbadala wake.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo linaniumiza zaidi kwa sababu nalikuta mara kwa mara. Vile vibati vyembamba vya chuma vinavyokaa nyuma ya pedi havikuwepo, wala springi ndogo zinazozuia pedi isicheze ndani ya breketi. Fundi akitoa pedi za zamani huvitupa pamoja nazo, maana boksi la pedi mpya za bei rahisi haliji navyo na gari linafunga breki hata bila hivyo. Vibati hivyo viliwekwa na waliobuni gari ili kumeza mtetemo. Ukivitupa, umeondoa kinga ya kelele kwa mkono wako, halafu unamuuzia mteja pedi nyingine ili kuitafutia dawa. Vya DX havipatikani dukani siku hizi, kwa hiyo nilikwenda Eldoret kwa wauzaji wa spea kuukuu, nikavipata kwenye kalipa iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa. Nilivisafisha na kuvinyoosha.

Pistoni niliirudisha ndani polepole kwa klampu. Ilirudi bila kukwama, na ilikuwa haina kutu. Hapa ningeomba kila kijana anayejifunza kazi hii asimame kidogo. Hakuna springi inayoirudisha pistoni nyuma ukiachilia pedali. Kinachoirudisha ni ule mpira wa kuziba ulioizunguka: unapindika pistoni inapotoka, halafu unajinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Mpira ukikakamaa au pistoni ikishika kutu, pedi haiachii diski na inakwaruza barabara nzima. Diski inapata moto, na moto huo unasafiri hadi kwenye mafuta.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Mwalimu huyu humtembelea binti yake Nakuru. Anapita Burnt Forest, anapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha anaanza kuteremka kuelekea Mau Summit akiwa na trela nyuma yake. Breki inayoburuta kwenye mteremko ule inaweza kuyachemsha mafuta ya zamani, na mafuta yakichemka pedali inashuka hadi sakafuni. Kwa hiyo nilipomwambia aibu ya stendi ilikuwa jambo dogo kuliko yote, nilimaanisha. Tulimwaga mafuta yote, yalikuwa meusi kama chai ya rangi, tukajaza mapya na kutoa hewa.

Diski niliipima unene kwa vernia na kulinganisha na kipimo cha chini kilichopigwa muhuri juu yake, kisha nikaweka saa ya kupimia kuona kama imepinda. Kwa magari madogo ya aina hii kikomo cha kuyumba ni karibu milimita 0.15. Yake ilikuwa ndani ya kikomo, kwa hiyo sikuipeleka kwenda kukerezwa. Kukereza diski ya zamani bila sababu ni kuipunguzia maisha. Niliisugua kwa msasa kwa mizunguko inayokatana ili kuondoa ule uso uliong'aa, nikasawazisha pedi ya ndani juu ya kioo chenye msasa, nikapunguza kidogo kingo za pedi zote kwa tupa. Upande wa kulia nao nikaufanyia kazi ile ile, kwa sababu breki za mbele hazitibiwi upande mmoja.

Jambo moja silikubali karakanani: kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Pedi na laini za magari ya enzi hizo mara nyingi zilikuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani limeshasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Huwezi kujua kwa macho kilichomo kwenye vumbi la dramu ambayo haijafunguliwa kwa miaka. Tunalowesha kwa maji na sabuni, tunapangusa, na kitambaa kinafungwa kwenye mfuko.

Si kila kelele ni kazi kubwa namna hii. Asubuhi za baridi za huku juu, umande ukishaangukia diski, kutu nyembamba hujitokeza na breki hukwaruza mara tatu nne za kwanza, halafu inaisha. Huo si ugonjwa. Kuna pia ile kelele ya kutisha, kama bati linakatwa, isiyojali kama umekanyaga au la: aghalabu ni kokoto ya murram iliyonaswa kati ya diski na bamba la kuzuia vumbi. Unalipinda bamba kidogo kwa bisibisi, kokoto inaanguka. Nimewaona watu waliokwisha kuandikiwa orodha ndefu ya spea kwa ajili ya kokoto. Lakini ukisikia chuma kikisaga chuma kila unapokanyaga, simamisha gari hapo ulipo, kwa sababu pedi imekwisha na bamba lake la chuma linaila diski.

Tulilijaribu gari la mwalimu kwenye njia ya chuo, ambako trela ni chache. Unakwenda kilomita 50 kwa saa, unafunga taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, unaachia, unakwenda tena, mara kumi hivi, halafu unaendesha bila kugusa breki ili zipoe. Usukani haukuvuta. Mwalimu alisubiri ile sauti kila mara, nami nilimwona akisubiri.

Aliniuliza pedi mpya ni bei gani. Nikamwambia hakuna pedi mpya, zilizomo ni zile zile alizokuja nazo. Anachodaiwa ni mipira, pini moja, vibati, grisi, mafuta na kazi. Alisoma hesabu yote mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani, akalipa.

Mvua ndefu zilipokwisha alirudi, kama tulivyopatana. Nikatoa magurudumu ya mbele tena. Pini zote zilitoka kwa kidole, na nilipopima pedi za kushoto, tofauti kati ya pedi ya ndani na ya nje haikufika nusu milimita.