Chakula cha Mateka



Ndugu wasomaji, shule zikifungwa vijana wetu hapa Muyinga hupenda sana filamu za vita, na wazazi wengi huziona ni upuuzi mtupu. Mimi sikubali kuwa zote ni upuuzi. Ipo moja ambayo ningependa familia iitazame pamoja, baba na mama wakiwepo. Inaitwa Lion of the Desert, ya mwaka 1981, na aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, yule yule aliyetengeneza The Message. Inasimulia habari za Sheikh Omar Mukhtar wa Libya, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana na Waitaliano miaka 20, mpaka walipomkamata na kumnyonga tarehe 16 Septemba 1931, akiwa mzee wa miaka sabini hivi.

Vijana hukumbuka farasi na vifaru. Mimi hukumbuka seng'enge. Waitaliano walipoona wanavijiji wanampelekea Mukhtar chakula na habari, waliwakusanya watu wapatao 100,000, wanawake, watoto na wazee wakiwemo, wakawafungia katika makambi ya jangwani kama Suluq na El Agheila. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Haishangazi kwamba Italia iliizuia filamu hii kwa miaka mingi.

Na kuna pale ambapo Mukhtar mwenyewe anashika mateka, ofisa kijana wa Kitaliano. Wenzake wanataka auawe, wanamwambia maadui huwaua wetu. Anakataa, na kuwajibu kuwa maadui wale si walimu wetu. Nikiwa na watoto huisimamisha filamu hapo, nikawasomea Surat Al-Insan aya ya 8, inayowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Mateka! Yaani mtu aliyekuja kukuua jana. Katika vita vya Badr Masahaba waliwapa mateka wao mkate, wenyewe wakala tende.

Badr hiyo hiyo ina kisa cha mapenzi ambacho hutakiona kwenye sinema. Zaynab, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa Makka na mumewe Abul-As ametekwa na Waislamu, naye alikuwa bado hajasilimu. Ili akombolewe, Zaynab alituma mkufu aliopewa na mama yake, Bi Khadija, siku ya harusi. Mtume alipouona moyo wake ulilainika mno, akawaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachilie mtu wake na mkufu wake urudishwe. Wakakubali.

Huwa najiuliza kwa nini watengeneza filamu humwangalia sana aliye ndani ya seng'enge, na aliye nje wakampitia haraka haraka. Sisi Warundi tunamjua aliye nje. Kwa Kirundi tunasema kugemura, kumpelekea chakula mgonjwa au mfungwa. Katika miaka ya vita baba yangu mdogo alichukuliwa, akawekwa ndani miezi 14 bila kesi. Mama mdogo alikuwa na mtoto mgongoni, akatembea na sufuria ya maharage mara tatu kwa wiki. Hakuruhusiwa kumwona hata mara moja. Aliacha sufuria mlangoni, jioni akairudia. Ikiwa tupu, alijua mumewe yu hai. Au aliamua kuamini hivyo, kwani askari nao wana njaa.

Idi iliyopita tuliitazama filamu hii kwao. Ilipofika kwenye makambi baba mdogo akainuka, akaenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa. Nikamfuata. Hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba yale maharage siku zote yalikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi, na kila alipoionja alijua kuwa aliyepika ni mkewe mwenyewe, si jirani, basi bado yuko, hajakimbilia Tanzania.

Wassalaamu alaykum.