Nguvu na Mahali Pake

Gitaa la kawaida lina kifua. Gitaa la umeme lina masikio. La kwanza huvumisha sauti ndani ya uwazi wa mwili wake. La pili aghalabu ni ubao mzima usio uwazi, na likipigwa bila umeme sauti yake haizidi ya mtu anong'onaye. Nguvu yake yote imo katika masikio madogo yaliyowekwa chini ya nyuzi. Mafundi huyaita pikapu, jina ambalo watu wengi wamezoea kulisikia likiitiwa gari la mizigo. Jina halikukosea sana, kwani pikapu ya gitaa nayo hubeba: huichukua mitikisiko ya nyuzi za chuma ikaipeleka kwenye amplifaya.

Utengenezaji wake si siri. Ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Kanuni hiyo ilidhihirishwa na Michael Faraday, huko Uingereza, mwaka 1831. Gitaa la umeme la Rickenbacker lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ifanyayo kazi katika kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, ambako transfoma kubwa huupokea umeme wa msongo mkali na kuushusha. Koili iliyomo katika transfoma na koili iingiayo katika kiganja cha mkono ni ndugu. Moja hupimwa kwa tani na nyingine kwa gramu, lakini sheria yao ni moja.

Katika Zuzu hiyo palikuwa na kijana mpiga gitaa wa kwaya. Gitaa la kwaya lilikuwa la zamani, lenye pikapu mbili: moja karibu na shingo, na moja karibu na daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachozishika nyuzi mwishoni mwa mwili. Swichi yake ilikuwa na vituo vitatu: shingo peke yake, daraja peke yake, na zote mbili pamoja. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwaya nyingi zingekutana. Kina mama waliuza akiba yao ya karanga, wakachanga fedha, wakamkabidhi kijana anunue kitu cha kuliamsha gitaa. Fedha za namna hiyo ni nzito kuliko uzito wake, maana kila shilingi ina jasho la mtu anayejulikana kwa jina.

Kijana alipenda sauti nene. Alijua kuwa sauti nene hutoka shingoni. Kwa hiyo alinunua pikapu yenye nguvu kuliko zote alizoweza kuzipata, akaifunga shingoni. Ile ya daraja akaiacha kama ilivyokuwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: penye wingi ongeza, wingi utazidi. Hesabu ilikuwa sahihi, na hasara ilikuwa humo humo katika usahihi wake.

Siku ya mazoezi pikapu mpya ilinguruma kama garimoshi lipitalo stesheni usiku. Sauti nzito za wanaume zilimezwa, na sauti ya pili ya kina mama ilifunikwa kabisa. Mama mmoja mzee, aliyeimba sauti hiyo tangu ujana wake, alijaribu beti mbili, kisha akafunga kinywa, akabaki kushika daftari lake. Hakulalamika. Kijana alipoipeleka swichi darajani, sauti ilitoka nyembamba na hafifu. Akalazimika kuongeza amplifaya, na mvumo wa umeme ukaongezeka pamoja nayo. Alipoziwasha zote mbili lilitokea jambo baya zaidi: sauti ilikonda kuliko ya kila moja peke yake, na mvumo ukazidi wote uliotangulia. Wazee wa kwaya walitazamana. Maneno ya kununua pikapu nyingine yalianza kunong'onwa, na mfuko ulikuwa mtupu.

Jumatatu kijana alilifunga gitaa katika kitenge, akalipeleka Dodoma mjini kwa fundi mzee wa redio. Baada ya shikamoo na marahaba alieleza shaka yake, kwamba muuzaji alimdanganya. Mzee alizifungua pikapu, akazipima kwa mita. Ya zamani ilionyesha ukinzani wa omu 6,000 hivi. Mpya ilikaribia 9,000.

"Hukudanganywa, mwanangu," alisema. "Hii ina nguvu kama ulivyoambiwa. Ila umempa chakula mwenye shibe, na mwenye njaa umemwacha."

Maneno hayo yana maelezo yake. Uzi wa gitaa umefungwa ncha mbili, kama kamba ya kuruka iliyoshikwa na watoto wawili. Katikati kamba hupiga upana mkubwa. Karibu na mikono ya washikaji husogea kidogo tu. Katika gitaa ambalo urefu wa nyuzi zake ni yapata sentimita 65, pikapu ya shingo huweza kuwa sentimita 16 hivi kutoka darajani, na ile ya daraja sentimita 4 tu. Ya kwanza hutazama mahali ambapo uzi una mwendo mpana. Husikia mengi, na husikia unene. Ya pili hutazama mahali ambapo uzi umebanwa. Husikia machache, lakini husikia zile sauti ndogo kali za juu ambazo huupa muziki makali yake. Pikapu mbili zilizo sawa kabisa, zikiwekwa kwa kimo kimoja chini ya nyuzi, hazitatoa sauti sawa: ya shingo itaishinda ya daraja.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wauzao pikapu kwa jozi huizungushia ile ya daraja waya mwingi zaidi. Mizunguko ikiongezeka nguvu huongezeka, lakini sauti za juu hupungua na sauti nzima huwa nzito. Mnunuzi asiuamini ukinzani peke yake, kwani waya mwembamba zaidi huongeza omu hata kama mizunguko haikuongezeka. Lakini mita ikisaidiwa na sikio huonyesha njia. Pikapu nzito ikikaa shingoni, penye unene tayari, sauti huwa matope. Ikikaa darajani, penye ukali uliozidi, uzito wake huwa dawa. Kasoro ya mahali pamoja huwa sifa ya mahali pengine.

Mzee alizibadilisha mahali. Mpya aliipeleka darajani akaiinua kwa skrubu mpaka ikazikaribia nyuzi. Ya zamani aliipeleka shingoni akaishusha kidogo. Hakuikaribisha mno yoyote, kwa kuwa sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi ukapotoka katika sauti yake.

Ilibaki taabu ya kuziwasha pamoja. Mzee alichukua dira ndogo akaipitisha juu ya kila pikapu. Juu ya moja ncha ya kaskazini ya mshale ilivutwa. Juu ya nyingine ilisukumwa. Sumaku zao zilikuwa kinyume, ilhali waya zao ziliunganishwa kwa upande mmoja. Basi moja ilipousukuma umeme wa nyuzi mbele, nyingine iliuvuta nyuma, na sauti hizo mbili zikalana. Ndiyo maana zilikonda. Lakini mvumo hautoki katika nyuzi. Hutoka katika umeme wa nyumba, ambao Tanzania hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili huupokea bila kuuliza sumaku. Katika mvumo pikapu zile zilikuwa na umoja. Katika wimbo zilikuwa na ugomvi. Mzee alizigeuza nyaya mbili za pikapu moja, akazilehemu upya. Mambo yakapinduka: wimbo ukaungana na mvumo ukatengana. Haukuisha wote, maana mizunguko ya koili zile haikulingana, lakini ulipungua ukawa si kitu. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitumia maarifa ya namna hiyo alipoweka koili mbili ndani ya pikapu moja, akaiombea hataza mwaka 1955. Katika karakana ya mzee kazi hiyo iligharimu risasi ya kulehemu yenye urefu wa kidole.

Watu wa nchi ya Wagogo hawakupaswa kushangazwa na jambo hilo. Ilimba yao kubwa ina vijiti vya chuma ambavyo kidole hakivigusi. Huitika tu vingine vipigwapo. Ina kitundu kilichofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate mnong'ono unaopendwa. Mtengenezaji wa ilimba hachagui kijiti kwa uzuri wake peke yake. Huuliza kitakaa jirani na nani, na kitaitika nini. Sikio la namna hiyo lilikuwamo Zuzu kabla ya gitaa la umeme, na lilikuwamo katika kichwa cha kijana mwenyewe. Alilisahau siku aliyokwenda dukani, kama wengi wasahauvyo waonapo neno la nguvu limeandikwa juu ya boksi.

Jumamosi iliyofuata kwaya ilikusanyika tena. Kijana alianza na swichi ya katikati, zote mbili pamoja, na sauti ilitoka pana yenye nafasi ndani yake, kama ua uliofagiwa. Alipopokea mwimbishaji alirudi shingoni, na pikapu ya zamani ikakaa chini ya waimbaji kama mkeka. Palipotakiwa gitaa liseme peke yake alikwenda darajani, na ile mpya ikasema. Beti la tatu lilipofika, mama mzee alilifungua daftari lake. Hakuna aliyetangaza kwamba sauti ya pili imerudi, ilisikika tu.

Karanga za kina mama hazikupotea. Kitu kilichonunuliwa kilikuwa chema tangu siku ya kwanza. Kilikosewa jirani na mahali. Mtu achaguaye pikapu mbili asiulize kwanza ipi ni bora, bali kila moja itasikia nini pale itakapokaa, na nini itamwachia mwenzake. Nguvu ikiwekwa penye nguvu hufunika. Ikiwekwa penye udhaifu hutegemeza. Chombo hakiwezi kujichagulia mahali, na kosa lake likionekana, mara nyingi ni kosa la mkono uliokiweka.