Mizani ya Huzuni

Joto la mwili lina kipimajoto chake, na uzito wa mtoto una mizani yake. Lakini huzuni ya mama aliyejifungua haina chombo cha kioo wala cha chuma. Chombo chake ni maneno, na maneno hupinda katika mkono wa asiyejua kuyashika.

Katika miaka ya 1970 daktari wa maradhi ya akili, John Cox, alifanya kazi Uganda, akawachunguza wazazi wa Kasangati, ambako Waganda walikwisha kuwa na jina la maradhi ya akili ya mzazi: amakiro. Baadaye, huko Uskoti, yeye pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitunga kipimo kilichotolewa mwaka 1987 kwa jina la mji wa Edinburgh. Kina maswali 10 juu ya siku 7 zilizopita; kila jibu lina alama tangu 0 hata 3, na jumla haizidi 30.

Mtu akikitazama hudhani kuwa ajuaye kusoma na kujumlisha amekwisha hitimu. Dhana hiyo ni mlango wa makosa. Katika maswali 3 jibu la kwanza ni 0. Katika maswali 7 jibu la kwanza ni 3. Muuguzi akiyahesabu yote kama yale 3, mama mzima kabisa, aliyestahili 0, hupewa 21. Na aliyezama kabisa, aliyestahili 30, hupewa 9. Wa kwanza hutishwa bure, wa pili hurudishwa nyumbani.

Kosa jingine halimo katika hesabu. Mama asiyejua kusoma husomewa, na msomaji asipojihadhari husema, "Mama, wewe huna huzuni, sivyo?" Swali la namna hiyo huja na jibu lake mkononi. Tena, mama mkwe akiwa amekaa kwenye benchi lile lile, nani atakiri kuwa analia usiku? Kwa hiyo muuguzi hufundishwa kutafuta faragha kwanza, kusoma maneno kama yalivyoandikwa, kisha kunyamaza na kungoja.

Lakini funzo kubwa limo katika swali la 10, liulizalo kama mama amepata wazo la kujidhuru. Wengi huhesabu 13 kuwa kiwango cha kumpeleka mama kwa uchunguzi zaidi. Basi tuseme mama amepata 6 tu, na 1 kati ya hizo imetoka katika swali hilo. Jumla yasema aende zake. Jibu lasema asiachwe. Muuguzi aliyefundwa barabara hufuata jibu, akamwuliza kwa upole siku ile ile, wala hamwachi peke yake mpaka usalama wake ujulikane.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kipimo hakitoi hukumu ya ugonjwa. Hugonga mlango tu. Kufundishwa kukitumia ni kufundishwa kugonga sawasawa, na kusikia sauti ndogo inayoitika kutoka ndani.