Kuwapo kwa Aliye Ghaibu

Mtu aliyezaliwa Likoni hujua tangu utotoni kwamba kuona ni jambo moja na kufika ni jambo jingine, kwani ukisimama ufukweni kwetu jioni mji wa Mombasa huuona mbele yako, taa zake na magari yake na watu wake wanaoshuka kuelekea kivukoni, na mlango wa bahari ulio baina yetu ni mwembamba hata mwenye macho mazima aweza kumtambua ndugu yake ng'ambo ya pili kwa mwendo wake tu; walakini feri ikiharibika, mgonjwa hafiki hospitali, na aliyealikwa arusini huipata habari ya arusi kesho yake. Yamkini ni kwa ajili hiyo kwamba umri wangu wote nimevitazama kwa makini, na kwa shaka kidogo, vyombo vinavyodai kuwaleta karibu walio mbali, na nimeona vikibadilika kutoka vile ambavyo havikuweza kumhadaa mtoto mchanga hadi hivi vya leo ambavyo humfanya mtu mzima anyooshe mkono kugusa kisichokuwapo.

Katika miaka ya sabini kuzungumza na mtu aliye nchi ya nje kulikuwa safari kamili. Mtu aliamka mapema, akavaa kama aendaye mahakamani, akavuka kwa feri, akaenda hadi Posta Kuu ya Digo Road, akaandikisha nambari aitakayo, kisha akaketi juu ya benchi mpaka jina lake liitwe. Kituo cha satelaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1970, na sauti ya mtu wa pwani ilikwenda bara kwanza ndipo ipae mbinguni. Dakika tatu zilipokwisha, aghalabu watu walikuwa wangali wakiulizana hali.

Ndiyo maana kwetu iliyotawala ilikuwa kaseti. Ami yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda Muscat baada ya Sultani Qaboos kushika utawala Julai 1970, wakati Oman ilipokuwa ikiwaita waliokuwa na asili ya huko, na yeye, ambaye kalamu ilimlemea, alizoea kutuma barua za sauti kwa mkono wa msafiri yeyote aliyeaminika. Kaseti ilipowasili haikuchezwa papo hapo. Nyanya yangu alioga, akavaa leso mpya, akafukiza udi, akaagiza majirani waitwe. Na tulipokwisha kuketi sote juu ya mkeka, mashine ikiwa katikati, sauti ya ami ilianza kwa salamu ndefu, naye nyanya akaiitikia salamu ile kwa ukamilifu wake, neno kwa neno, kana kwamba mwanawe yu mlangoni. Baadhi ya vijana walimcheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwa kuwa yeye alijua fika kwamba asemaye hamsikii, na alipokuwa na jibu refu alituamuru tusimamishe mashine, akalisema jibu lake lote, kisha akaturuhusu tuendelee.

Jibu la Muscat lilitengenezwa uani, chini ya mwembe, na kila mmoja alipewa zamu. Ami aliporudi kwa likizo alitueleza jambo ambalo sikulisahau: kwamba maneno yetu, yaliyokuwa yale yale ya hatujambo na tunakuombea, aliyasikiliza mara moja, ila alichokirudia usiku hata usiku kilikuwa jogoo wa jirani, na honi ya feri, na adhana iliyoingia kwa bahati tu mtu alipokuwa katikati ya kulalamika juu ya bei ya sukari. Tuliyokusudia kumpelekea hayakumfikisha nyumbani. Kilichomfikisha ni makelele ambayo hakuna aliyeyakusudia. Na hata hivyo kaseti ilikuwa na uaminifu wake: betri zilipoanza kuisha sauti ya ami ilinenepa na kuburuta, na kila aliyesikia alikumbushwa kwamba mwenyewe hayupo.

Televisheni ilipofunguliwa Mombasa mwaka 1970 haikututia mashakani, kwa kuwa iliyotuonyesha tuliyahesabu kuwa michezo na habari za serikali. Mashaka yalikuja baadaye, dishi za satelaiti zilipoenea juu ya mapaa ya Likoni na Kisauni, nasi tukaanza kuiona Haramu ya Makka usiku wa Ramadhani, waziwazi, wakati ule ule watu walipokuwa wakisali. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukulitia maanani. Mombasa na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, ile kwenye nyuzi 39.7 na hii 39.8 mashariki, hivyo jua huvuka kichwani kwetu na kwao takriban kwa dakika moja, saa zetu ni moja, na kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Mwislamu wa London au Jakarta aitazamaye tarawihi ya Makka hukumbushwa na dirisha lake kwamba yeye yuko kwingine. Wa Mtongwe hakumbushwi na kitu. Isha imeingia hapa na huko, imamu anasoma, na kilichobaki ni kutandika msala mbele ya kioo.

Wako waliojaribu, na masheikh wakawakataza, na hoja yao haikuwa ubovu wa picha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, imamu na maamuma walio nje ya msikiti wasitengane kwa zaidi ya dhiraa 300 hivi. Ni kipimo ambacho wanazuoni walikiweka karne nyingi kabla ya waya wa kwanza kutandikwa, na ambacho hakikuuliza kamwe kama maamuma anamwona imamu vizuri kadiri gani. Najua kwamba Ahmad al-Ghumari wa Morocco, aliyefariki mwaka 1960, aliandika risala ya kuhalalisha kuifuata Ijumaa kwa redio, akashurutisha mambo ya wakati, na kwamba wengi walimpinga. Risala hiyo hupendwa na wenye uvivu kuliko na wenye ilimu.

Juni 2009 waya mpya wa intaneti, uitwao TEAMS, ulifikishwa Mombasa ukitokea Fujairah. Nikiwaza njia yake chini ya maji, naona ni ile ile ya majahazi yaliyoletwa na kaskazi, isipokuwa kwamba waya haungoji msimu. Na kama vile majahazi yalivyowachukua wanaume, zama hizi mpya ziliwachukua wanawake.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, alikwenda Sharjah kufanya kazi ya nyumbani, akamwacha mwanawe kwa bibi yake Mtopanga, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa, basi wakatumia Botim, na simu ikapata makao yake ya kudumu juu ya meza, imeegemezwa kopo la sukari. Kutoka katika kioo kile mama alimwamuru mtoto atafune vizuri, akamsikiliza herufi zake, akamgombeza kwa kuvaa viatu upande usio wake, naye mtoto akatii kuliko alivyomtii bibi aliyekuwa na mkono wa kumfikia. Mpwa wangu alinieleza kwamba kwa upande wake mambo yalikuwa vivyo hivyo: mwili wake ulisimama jikoni Sharjah na masikio yake yako Mtopanga, hata siku moja maziwa ya watu yalifurika mbele ya macho yake kwa sababu alikuwa akisikiliza mtoto anakohoa.

Aliporejea tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Moi, kule Changamwe. Sote tulihofu kwamba mtoto asingemjua, na hofu yetu haikuwa na msingi. Alimjua papo hapo, akambusu mkono kama alivyofunzwa, akaketi karibu naye garini hadi nyumbani bila kusema neno. Usiku ule, mama yake akiwa sebuleni na wageni, mtoto aliingia chumbani, akachukua simu ya bibi yake, akampigia. Simu ikalia mkobani mwa mama. Akaitoa, akaona uso wa mwanawe, akafahamu, na badala ya kuinuka kumfuata akaipokea, wakazungumza kwa kitambo kizuri, ukuta mmoja baina yao, mtoto akimsimulia habari za ndege na za mama aliyekuja nayo. Watu wengine waliokuwapo waliliona jambo hilo kuwa la kusikitisha. Mimi naona mtoto alikuwa na haki: mama mwenye amri juu yake, aliyemfunza herufi, alikuwa yule wa kwenye kioo, na huyu wa sebuleni, mwenye harufu ngeni na kimo asichokitarajia, alipaswa kwanza kuthibitishwa na yule. Ilichukua majuma, nao wawili hao wakawa mmoja.

Ami yangu wa Muscat alifariki mwaka 2020. Mombasa ilikuwa imefungwa tangu tarehe 8 Aprili, asiingie mtu wala asitoke. Misikiti yetu nayo ilikuwa imefungwa, na ndege hazikuruka. Mazishi yake tuliyaona katika simu, tumekaa uani pale pale tulipotia sauti katika kaseti za kumpelekea, na picha ilikuwa safi hata nikaona vumbi juu ya kanzu ya aliyeteremka kaburini. Baadaye tuliinuka tumswalie swala ya ghaibu, ile ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia Najashi wa Habasha hali yeye yuko Madina, na kijana mmoja akaiweka simu mbele ya safu, upande wa kibla, ili tumwone marehemu. Kaka yangu aliizima akaitia mfukoni. Hakuna aliyelalamika. Swala ile iliwekwa kwa watu wasioona chochote, na kwetu ilitosha.

Desemba 2021 wasimamizi wa Haramu mbili walizindua mpango wa kumwezesha mtu kulikaribia Jiwe Jeusi kwa miwani ya kuvaa usoni, na mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilitamka kwamba kuizuru Kaaba ya namna hiyo hakuwezi kuwa Hija. Miwani ya aina hiyo ililetwa kwetu na mjukuu mmoja anayesoma mambo ya kompyuta, na wa kwanza kuitwa kuijaribu alikuwa shangazi yangu wa Bamburi, mwanamke aliyeweka akiba ya umra kidogo kidogo kwa miaka mingi. Alipovishwa aliona alichokiona, akashtuka, akaivua kwa haraka. Tulidhani amepata kizunguzungu. Kumbe alikwenda kutawadha. Akarudi, akavishwa tena, akasimama kwa adabu katikati ya sebule, akanyoosha mkono wa kulia hadi ukagonga kabati la vyombo.

Tulimwuliza ameonaje. Akasema ni pazuri, ila hapana msongamano. Wote waliokwenda walimsimulia kwamba hata kulikaribia lile jiwe ni kazi, kwa wingi wa waja wa Mungu wanaosukumana, naye amejiandaa kusukumwa. Akiba yake hakuipunguza hata shilingi, na miwani ile ameiomba tena mara kadhaa, siku za Ijumaa hasa, sikuzote baada ya kutawadha. Ukimwambia kwamba udhu si sharti la kutazama picha, atakwambia anajua.

Katika arusi moja ya jamaa zetu, Mikindani, bwana arusi alikuwa Toronto, na vijana walimtayarishia televisheni kubwa pembeni mwa ukumbi, vipaza sauti pande mbili, sura yake ikitutazama sote kwa joho na kilemba. Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah Machi 1990, ilikubali mikataba ifungwe kwa vyombo vya mawasiliano, ikaitoa ndoa katika hukumu hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Shekhe aliyefungisha alilijua hilo, akataka wakala, na mdogo wa bwana arusi alikuwa na barua ya uwakala mkononi. Basi mkono ulioshikwa ulikuwa wake, kauli iliyojibiwa ilikuwa yake kwa niaba ya nduguye, na mashahidi walimtazama yeye. Kule Toronto sauti ilichelewa kidogo, na watu walipokwisha kuitikia dua, televisheni ikanena kwa nguvu, "Nimekubali!" Ukumbi ukacheka. Shekhe akageuka, akamtazama kijana wa watu kwa upole.

"Sema, mwanangu, ukipenda," akamwambia. "Lakini mke umeshaozwa."