Mbwa Wangu Wawili

Watu wengi hudhani kuwa kufuga mbwa ni kazi ya kumtupia mfupa mchana na kumfungua mnyororo usiku. Mimi nami nilidhani hivyo, hata siku nilipoletewa vijibwa viwili ndani ya kikapu kimoja. Nataka, msomaji, kukusimulia waliyonifundisha. Maana mwalimu naye hana budi kufundishwa, wala hachagui siku zote nani awe mkufunzi wake.

Walikuwa ndugu wa uzazi mmoja, madume wote wawili, na mama yao alikuwa mbwa wa kimo kidogo asiyefika magotini. Rangi yao ilikuwa kahawia, nami kwa udogo wao nikawaita Njugu na Kunde. Mgeni hakuweza kuwatenga. Mimi niliwatambua kwa sikio la kushoto la Njugu, ambalo lilikunjika kidogo kwenye ncha.

Usiku wa kwanza hawakulala, wala sikulala. Walimlilia mama yao mpaka nilipojaza maji ya moto katika chupa, nikaizungushia sweta kuukuu na kuilaza kati yao. Tangu siku hiyo nilikuwa mtumishi wao. Mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku, kwa hiyo niliamka kabla ya alfajiri kupika ugali laini na kuuchanganya na omena waliosagwa. Mifupa ya kuku sikuwapa, kwa sababu ikishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, na vipande hivyo huweza kutoboa utumbo. Kulikuwa na dawa ya minyoo ya kuwanywesha, kupe wa kuwang'oa masikioni, na funza wa kuwatoa katika nyayo. Walipofika miezi minne, meno ya utoto yalianza kung'oka, na fizi zikawawasha. Wakatafuna kiatu changu kimoja cha mguu wa kushoto, na kesho yake kimoja cha kulia cha jozi nyingine, nikabaki na viatu viwili visivyopatana.

Walakini taabu kubwa haikuwa chakula wala viatu. Ndugu hawa walifanana kwa sura, wakaachana kwa tabia. Njugu aliitikia kila aliyemwita. Kunde alikuwa na shaka na kila kitu: ngurumo, ndoo mpya, hata mgeni aliyekohoa langoni. Akitishwa alijificha uvunguni mwa ghala, na hapakuwa na mkono wa kumfikia. Nilipowalisha katika sahani moja, Njugu alikula polepole, Kunde akanguruma. Nilicheka tu. Sikufahamu kuwa mngurumo ni maneno ya mbwa, na kwamba asiyesikilizwa anaponena, mwishowe hutumia meno.

Siku moja maofisa wa mifugo walitangaza kuwa wangechanja mbwa bure katika uwanja wa soko, dhidi ya kichaa cha mbwa. Asubuhi hiyo nilimfunga Njugu kamba, naye akanifuata kwa furaha. Kunde aliiona kamba, akaingia uvunguni. Nilimbembeleza kwa nyama, nikamkemea, nikachoka. Basi nilikwenda na mmoja, nikarudi na kadi moja iliyoandikwa jina langu na maneno haya: mbwa mdogo, dume, kahawia. Nikasema moyoni, "Kunde nitampeleka kesho." Kesho ilizaa kesho nyingine, na wiki sita zikapita.

Jioni moja mtoto wa jirani, mvulana wa miaka 7, aliingia uani kuutafuta mpira wake. Mpira ulikuwa umebingirika hata kando ya sahani ya mbwa. Nilisikia kilio, nikatoka mbio. Nilimkuta mtoto ameushika mkono wake, damu ikimtiririka, na Kunde akirudi nyuma kuelekea ghalani. Mama yake alifika nyuma yangu. Mtoto alipoulizwa ni mbwa gani, alijibu, "Yule wa kahawia."

Mama yule alinitazama, akauliza, "Mwalimu, mbwa wako si wamechanjwa?"

Msomaji, nakuomba usimame nami hapo kidogo. Kadi ilikuwa ndani ya nyumba, na kadi ile ingeweza kusema kwa ajili ya mbwa yeyote kati ya wale wawili. Hapana mtu mwingine aliyejua. Mama yule aliniamini kwa kuwa mimi ndimi niliyemfundisha mtoto wake kusoma. Neno moja la "ndiyo" lingelinda jina langu, fedha zangu na mbwa wangu. Lakini nilijua pia neno hilo lingeweza kufanya nini. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa, na hakuna dawa ya kumrudisha. Kinga ipo kabla ya dalili tu. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, dunia imejua kuwa aliyeumwa huweza kuokolewa akiwahiwa. Uongo wangu ungemnyima mtoto yule wakati, na wakati ndio uliokuwa dawa yake.

Nikasema, "Mama, mmoja amechanjwa. Aliyemwuma mtoto hakuchanjwa. Kosa ni langu."

Hakunijibu. Tuliuosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa dakika 15, kama inavyoagizwa, kisha tukapanda pikipiki kwenda hospitalini. Alichanjwa usiku ule, akapangiwa siku za kurudi. Gharama zote nilizilipa kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kununua mabati. Kunde nilimfunga peke yake, nikaagizwa kumwangalia siku 10. Kwa maana mbwa mwenye sumu ya ugonjwa huo mateni mwake wakati wa kuuma, huonyesha dalili au hufa kabla siku hizo hazijaisha.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi mama yule alikuja uani, akamtazama Kunde akila na kunywa, kisha akaenda zake bila kusema. Nami sikuwa na la kusema. Siku ya kumi na moja Kunde alikuwa mzima, akitikisa mkia. Mama akamtazama kwa mara ya mwisho, akasema, "Leo mpeleke akachanjwe, Mwalimu." Nikampeleka siku hiyohiyo, ndani ya kikapu kilekile alichokuja nacho.

Wataalamu husema kuwa katika kila mbwa 100 wa mahali, 70 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nilipokuwa nikisoma hesabu hiyo zamani, niliona kuwa ni kazi ya serikali. Sasa naona kuwa hesabu hiyo huanzia uani mwa kila mtu, tena huanza na yule mbwa mgumu, anayejificha uvunguni, na si yule anayefuata kamba kwa furaha. Kumpenda mnyama aliye mwepesi kupendwa si sifa kubwa. Wajibu hupimwa kwa yule anayetusumbua.

Njugu na Kunde wangali nami. Kila mmoja ana sahani yake, na kila mmoja ana kadi yake. Ikiwa nawe, msomaji, una mbwa nyumbani kwenu, itafute kadi yake leo. Usiponiambia kuwa umeipata, usiniambie kuwa utampeleka kesho.