Siku Mbili Venice: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeipokea kwa wazee wetu, na ndani yake mna imani kwamba mgeni huja na riziki yake, wala hampunguzii mwenye nyumba kitu. Lakini kila methali ina sharti lisilotamkwa, na sharti la hii ni kuwa mwenyeji awepo. Juma hili twapenda kuwasimulia safari fupi iliyotufanya tulitazame sharti hilo kwa makini.

Tulikuwa Uingereza kumzuru binti yetu aliyeolewa huko, na sahibu yetu wa tangu chuoni akatualika mwisho wa juma kwake Italia. Sahibu huyu ni mwana wa Lamu. Tulikaa naye mkeka mmoja tukisomeshwa fiqhi, na leo ana zaidi ya miaka ishirini akifanya kazi Mestre, mji wa bara unaotazamana na visiwa vya Venice, na wenye baraza moja la mji pamoja navyo. Alitupokea Ijumaa usiku, nasi tulitarajia kuondoka Jumatatu alfajiri. Njiani alitwambia kuwa ana jambo zito la kututaka shauri, ila angependa kwanza tuuone mji.

Jumamosi asubuhi tulipanda treni. Kutoka Mestre ni mwendo wa dakika kama kumi tu, juu ya daraja refu lililojengwa mwaka 1846 kukatiza maji. Kabla ya hapo Venice haikufikika ila kwa chombo. Mji wenyewe umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100, vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400. Hakuna gari wala pikipiki, na hata baiskeli haziruhusiwi. Taka huchukuliwa kwa mashua, mgonjwa hukimbizwa kwa mashua, na maiti huvushwa kwa mashua hadi San Michele, kisiwa cha makaburi. Aliyezoea vichochoro vya Lamu hapotewi na akili hapo. Hujua kuwa njia nyembamba hujengwa kwa kivuli na kwa ujirani, na kuwa mtu akikutana na mwenzake humo hana budi kumsalimu.

Wajenzi wa kale walipigilia nguzo za miti kwenye tope, moja ubavuni mwa nyingine, kisha wakaweka juu yake mawe magumu yaliyoletwa kutoka Istria. Mti uliozama katika tope lisilo na hewa hauozi upesi, na kwa hivyo nyumba zimesimama karne baada ya karne. Tuliona pia, katikati ya viwanja vyao, vinywa vya visima vilivyochongwa kwa jiwe. Mji uliozungukwa na maji ya chumvi haukuwa na maji ya kunywa, basi wakayakinga ya mvua, wakayapitisha kwenye mchanga yachujike, na kila mtaa ukateka kisimani mwake. Ndivyo walivyoishi mpaka maji ya bomba yalipoletwa kutoka bara mwaka 1884. Twayataja haya ili msomaji aelewe kuwa mji huu haukujengwa kwa ajili ya kutazamwa. Ulijengwa na watu waliokusudia kukaa.

Athari za Kiislamu hazikosekani. Forodha yao huitwa dogana, neno lililotokana na diwani. Arsenale, karakana yao kuu ya merikebu, asili yake ni daru-s-sinaa, nyumba ya kazi za mikono. Jumba la wafanyabiashara wageni waliliita fondaco, nalo ni funduki ya Waarabu. Mojawapo ya majumba hayo lasimama hadi leo kwenye mfereji mkuu. Mwaka 1621 serikali ya Venice iliwapa jumba hilo wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya. Lilikuwa na maghala, vyumba vya kulala, hamamu na mahali pa kuswalia, na milango yake ilifungwa usiku. Walikaa humo hadi mwaka 1838, na sasa ni makumbusho ya viumbe. Tulisimama mbele yake kitambo. Mji ulijua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake, haki yake na mipaka yake. Mgeni hakuambiwa asije, wala mwenyeji hakuambiwa ahame.

Twakumbuka pia kwamba ni katika mji huu ambapo Qur'ani ilipigwa chapa kwa herufi za Kiarabu kwa mara ya kwanza, mnamo mwaka 1537 na 1538, na wapigaji chapa wa ukoo wa Paganini. Nakala moja tu ndiyo inayojulikana kubakia, nayo iligunduliwa mwaka 1987 katika maktaba ya watawa, hapo hapo kisiwani San Michele. Wanavyuoni wamekuta ndani yake makosa mengi ya herufi na irabu. Karatasi ilikuwa njema na wino mzuri, lakini Qur'ani hulindwa kwanza vifuani mwa watu, na chapa ile haionyeshi kuwa ilipita mikononi mwa hafidhi.

Tulipolikaribia daraja la Rialto, lile la mawe lililokamilika mwaka 1591, umati ulikuwa mkubwa hata hatukuweza kusimama. Sahibu yetu akatuvuta hadi kiwanja kidogo jirani, mbele ya dirisha la duka la dawa. Nyuma ya kioo kulikuwa na kibao chenye tarakimu zinazong'aa. Tukamuuliza, "Hii ni bei ya nini?" Akajibu, "Si bei, Sheikh. Ni hesabu ya wakaazi waliosalia visiwani." Tarakimu hiyo haikufika 50,000. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000.

Wala si kwamba bahari imewafukuza. Ni kweli maji yaliwatesa. Tarehe 4 Novemba 1966 yalipanda sentimita 194, na tarehe 12 Novemba 2019 yakapanda 187. Lakini wamejenga malango 78 ya chuma katika milango mitatu ya wangwa wao, na tangu Oktoba 2020 malango hayo huinuliwa bahari inapofura. Maji wamepata cha kuyazuilia. Ugumu umebaki katika nyumba zenyewe, kwani chumba kinachokodishwa kwa wageni usiku hadi usiku huleta pesa nyingi kuliko familia inayolipa kodi mwezi hadi mwezi. Kijana anayeoa hapati pa kukaa, huvuka daraja akahamia Mestre. Duka la mboga hugeuka duka la vinyago vya kujifunika uso. Tangu Aprili 2024, katika baadhi ya siku, mgeni anayekuja kutwa na kurudi hutozwa ada ya kuingia, kana kwamba anaingia makumbushoni.

Usiku ule alikuja kutuamkua jirani wa sahibu yetu, mzee wa Kitaliano. Tulimkaribisha kwa chai ya tangawizi, akainywa akasifu. Alizaliwa visiwani, mtaa wa Cannaregio. Nyumba ya baba yao waliirithi ndugu wanne, wakaiuza wakagawana, na sasa ni malazi ya watalii. Sahibu yetu alitufasiria maneno yake: kwamba nyumba ingalipo, tena imepakwa rangi vizuri kuliko zama za babake, ila akipita chini ya dirisha hakuna tena mtu wa kumwita kwa jina lake. Sahibu yetu alipomaliza kufasiri alinyamaza muda mrefu, nasi tukajua kwamba jambo lake li karibu.

Jumapili adhuhuri tulikuwa katika bustani ya umma, mashariki ya visiwa. Tukatandika mswala pembeni, chini ya miti. Alitutanguliza, tukaswalisha rakaa mbili, kwa kuwa sisi tulikuwa wasafiri. Tulipotoa salamu, yeye aliinuka kutimiza nne zake, kwani yeye ni mkaazi. Tulimtazama akirukuu peke yake, mwana wa Lamu katika udongo wa Venice, na hukumu tuliyoisomesha kwa miaka ikatuingia upya. Sheria imemsamehe msafiri nusu ya sala, na mkaazi ndiye aibebaye ikiwa kamili.

Alipomaliza alisema lake. Nyumba ya marehemu babake, ndani ya mji wa kale wa Lamu, yenye daka, zidaka na wikio la kuvukia nyumba ya shangazi yao, imepata mnunuzi kutoka ng'ambo anayetaka kuifanya nyumba ya wageni. Warithi ni watatu. Wawili wamekubali, na wangoja jawabu lake. Fungu lake lingemtosha kutanguliza malipo ya nyumba ya kukaa na watoto wake Mestre, maana bado wapanga. Akatuuliza, "Je, ni haramu kuuza?"

Tulimjibu kwamba si haramu. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara, mali ni yake, na wanawe wana haki juu yake. Hatukutaka kumtwika dhambi isiyokuwepo. Lakini tulimkumbusha masuala tuliyoyasoma pamoja: katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Ijumaa haitimii ila kwa wanaume arubaini walio wakaazi wa mahali hapo. Msafiri aweza kuhudhuria na sala yake ikaswihi, wala hahesabiwi katika arubaini. Mtaa waweza kujaa wageni elfu, wema na wenye adabu, na msikiti wake ukakosa Ijumaa. Tukamwambia, "Ndugu yangu, nyumba ni yako, uza ukitaka. Ila jua kwamba unauza na mtu mmoja katika arubaini, na watakaokuwa wajukuu zake."

Hakujibu. Usiku alizungumza na ndugu zake kwa simu, sisi tukiwa chumba cha pili. Asubuhi, akitupeleka uwanja wa ndege, alitupasha habari. Fungu lake hatauza. Ameomba mpwa wake anayetaka kuoa akae humo, alipe kodi ya kiasi, na hao wawili wawe wakilipwa haki yao kidogo kidogo. Mmoja ameridhia. Wa pili amekasirika, asema fedha anazihitaji sasa kwa matibabu, naye ana haki ya kusema hivyo. Sahibu yetu atamtangulizia yeye kutoka akiba yake, na nyumba ya Mestre itangoja. Mkewe, alitwambia, hajafurahi.

Twayaandika haya kwa idhini yake, kwa sababu twajua kuwa mabarua kama hayo yafika katika nyumba nyingi za pwani yetu, Lamu, Mombasa na Malindi. Hatumkatazi mtu riziki yake. Twaomba tu kwamba kabla ya kutia sahihi, warithi wakae pamoja, waliopo na walio mbali. Aulizwe kwanza mshirika, kisha jamaa, kisha jirani, kama kuna awezaye kununua au kupanga. Anayetaka kuiweka wakfu aelezwe namna yake. Na vijana wetu wanaotafuta chumba cha kuanzia maisha wasiwe wa mwisho kufikiriwa. Wageni tuwakaribishe kwa heshima, kwa siku zao tatu na zaidi, maana ukarimu ni dini. Bali tuwakaribishe tukiwa wenye kuwafungulia mlango.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, awarehemu waliozijenga, na awape wana wetu pa kukaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.